Kabla Kazi Yako Haijavuka Ziwa Kwenda Kuchapwa

Ukikaa Nansio na ukahitaji kadi za harusi ya binti yako, kalenda ya kwaya au kijitabu cha ibada ya mazishi, kazi ya kiwango kizuri mara nyingi hupelekwa Mwanza mjini. Faili siku hizi huvuka ziwa kwa dakika moja. Kadi mia tatu zilizokosewa jina la bibi harusi hurudi kwa meli, safari ya takriban saa tatu, na zikishafika hazirekebishiki. Fedha za kamati zimekwisha, na harusi ni Jumamosi.

Watu wa Ukerewe wanaujua umbali ulioko kati ya mwandishi na mtambo. Mzee Aniceti Kitereza alimaliza riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, kisha akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House iliitoa mwaka 1980, ikiwa imechapwa Uchina. Mzee alifariki mwaka 1981, kabla vitabu havijamfikia mkononi.

Kadi haingoji miaka, lakini nayo yataka kutayarishwa. Picha ndizo zinazowaponza wengi. Uchapaji mzuri hutaka nukta 300 katika kila inchi. Basi picha ya upana wa sentimita 10 yahitaji nukta zipatazo 1,200. Ile iliyozunguka katika makundi matatu ya WhatsApp imekwisha kubanwa njiani, na kuikuza huleta ukungu tu. Mwombe aliyeipiga aitume upya kama faili, si kama picha ya kawaida.

Rangi nazo hudanganya. Kioo cha simu huchanganya mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu, ilhali mtambo huchanganya wino wa samawati, majenta, manjano na mweusi. Ndiyo sababu kijani kikali cha sare ya kamati hufifia kikifika katika karatasi. Fundi aigeuze faili iwe ya wino nne kabla ya kukuonyesha, ili kama ni kubishana, mbishane juu ya rangi halisi. Maandishi madogo yawe ya wino mweusi peke yake. Yakichapwa kwa wino zote nne, mabamba yakipishana kidogo tu herufi huota kivuli.

Rangi inayofika ukingoni ipitilizwe milimita 3 kila upande, kwa kuwa kisu cha kukatia hakipiti mahali pale pale siku zote. Kijitabu cha kubanwa pini kiwe na kurasa zinazogawanyika kwa 4. Fonti nazo zifungwe ndani ya PDF, la sivyo kompyuta ya mchapaji yaweza kuweka herufi nyingine kabisa.

Usiidhinishe kazi kwa kutazama kioo. Toa nakala moja katika stesheneri ya jirani, hata ya rangi nyeusi tu, umpe mtu asiyeiandika. Shangazi wa bibi harusi anafaa kuliko fundi, maana anayajua majina ya ukoo. Asome herufi kwa herufi: majina, tarehe, saa ya ibada, namba ya simu ya mweka hazina. Akiridhika atie sahihi, faili itumwe, na nakala ile itunzwe hadi kadi zitakaposhuka gatini Nansio.