Tupime Mto Wetu Wenyewe



Mama mmoja aliniuliza, "Maji yetu ni safi kabisa kwa macho, mbona watoto hawaishi kuendesha?" Aliuliza vizuri. Macho huona udongo tu. Viini vya taifodi hayavioni, wala dawa iliyotiririka kutoka kwa dipu ya ng'ombe.

Tuchukue Mto Mara. Unaanzia msitu wa Mau ukiwa mito miwili, Nyangores unaopita Bomet na Amala unaopita Mulot. Ikiungana ndiyo Mara, unaovuka mpaka kuingia Tanzania hadi Ziwa Victoria, safari ya kilomita 395 hivi. Njiani kila mtu ana lake: huyu ananywesha ng'ombe, yule anafua, mwingine amelima mpaka ukingoni. Basi kikundi kikipima mahali pamoja tu, kitajua maji yameharibika lakini hakitajua yameharibikia wapi. Inafaa vikundi vya juu na vya chini wapime siku moja, kwa njia moja.

Njia yenyewe si ngumu. Inua mawe pale maji yanapokimbia, chini yake uweke chujio au kitambaa cheupe. Ukipata wadudu wadogo wa aina nyingi, hasa wale bapa wenye mikia myembamba miwili au mitatu, mto una hewa ya kutosha. Ukikuta viminyoo vyekundu peke yake, kuna uchafu mwingi. (Wazee watacheka mkitafuta wadudu. Wacheni wacheke.) Mdudu huyo hukaa majini wiki nyingi, kwa hiyo hata uchafu uliopita juzi usiku yeye anaujua. Halafu jaza chupa ya plastiki isiyo na rangi, iweke juu ya gazeti, uchungulie kutoka mdomoni. Usiposoma herufi kubwa, udongo ni mwingi, na hata dawa ya kutibu maji haitafanya kazi vizuri.

Lakini sikieni: wadudu hawatuambii habari ya viini vya choo. Hata mto ukiwa nao tele, maji ya kunywa yachemshwe.

Andikeni kila kitu katika daftari: tarehe, saa, mahali, kama mvua ilinyesha. Mvua ya kwanza husukuma uchafu wote mtoni, kwa hiyo msilinganishe siku hiyo na siku ya kiangazi.

Kikundi kimoja ninachokijua kilikuwa kimeanza kuzozana na majirani wa juu. Walipopima pamoja, juu wadudu walikuwa wengi. Walipungua ghafla chini ya mahali wanakikundi wenyewe walipofulia na kuoshea pampu za dawa. Siku hiyo kulikuwa kimya!

Sheria ya Maji ya 2016 inatambua vyama vya watumiaji maji. Hali ikibaki mbaya miezi miwili au mitatu, peleka daftari kwa chama chenu, waombe Mamlaka ya Rasilimali za Maji kuchukua maji yapimwe maabara. Daftari lenu litawaonyesha mahali pa kuyachota.