Dawa ya Sonona Humezwa Hata Ukiwa Mzima

Mwezi wa nne au wa tano wa dawa ndio unaowashinda wengi. Usingizi umerudi, bukari una ladha tena, moyo umeacha kwenda mbio saa nane za usiku, na mama aliyekuwa akilia bila kujua kwa nini sasa anapanga meza yake kwenye soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, asubuhi kama zamani. Hapo ndipo wa nyumbani wanaanza: “Yaya, uko muzima sasa. Acha hizo dawa, zitakuharibu kichwa.” Wanaosema hivyo wanampenda, na hesabu ya mfuko inawaunga mkono. Hapa dawa hulipiwa na mgonjwa mwenyewe, na faranga za vidonge ni zilezile za unga, makaa na minervali ya watoto shuleni. Basi anaacha, siku pakiti inapoisha.

Kuacha si kosa. Wapo wanaofaa kuacha, na wapo wanaofaa kuendelea miaka. Kinachoniuma ni kwamba uamuzi mzito namna hii unafanywa na pakiti tupu, wakati ulipaswa kufanywa na mtu aliyekaa chini na daktari wake akiwa ametulia.

Jaribio moja la Uingereza, lililochapishwa mwaka 2021, liligusa swali hilihili. Walichukuliwa watu 478 waliowahi kuugua sonona mara mbili au zaidi, au waliotumia dawa kwa miaka 2 na zaidi, na ambao sasa walijiona wazima kiasi cha kufikiria kuacha. Wakagawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja liliendelea na dawa yake. Jingine lilipunguziwa taratibu hadi likawa linameza vidonge visivyo na dawa ndani, bila mtu yeyote kujua yuko kundi gani. Baada ya wiki 52, sonona ilikuwa imewarudia 39% ya walioendelea na 56% ya walioachishwa.

Takwimu hizo zisomwe zote mbili. Dawa inakinga, hilo liko wazi, na inafanya kazi hiyo kwa watu wasiohisi ugonjwa wowote. Lakini wako walioendelea kumeza na bado wakaangushwa, na wako wengi, 44 katika kila 100 ya walioachishwa, waliopita mwaka mzima salama. Daktari anayekwambia utameza mpaka kufa, na jirani anayekwambia acha leo, wote wawili wanasema zaidi ya kinachojulikana.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake kwa vituo vya afya visivyo na bingwa wa akili, linashauri dawa isifikiriwe kuachwa kabla mtu hajakaa miezi 9 hadi 12 bila dalili, au na dalili chache mno, huku akiendelea na shughuli zake za kila siku. Wengi hukosea hesabu hapa. Miezi hiyo haianzi kuhesabiwa siku ya kidonge cha kwanza; inaanzia siku nafuu ilipotulia. Mtu aliyechukua miezi 3 kupona bado ana karibu mwaka mmoja mbele yake. Aliyewahi kuanguka mara mbili au tatu huhitaji muda mrefu zaidi.

Dawa mbili hutajwa sana katika nchi kama yetu. Amitriptilini, ambayo wengi waliosoma Kifaransa wanaijua kwa jina la Laroxyl, ilikuwemo katika orodha ya kwanza kabisa ya dawa muhimu za Shirika la Afya Duniani mwaka 1977. Fluoksetini, iliyoruhusiwa Marekani mwishoni mwa 1987 kwa jina la Prozac, iliingizwa katika orodha hiyo mwaka 2007. Ya kwanza humezwa usiku kwa sababu inaleta usingizi. Hukausha kinywa, hufanya choo kuwa kigumu, na wengine huongezeka uzito. Ikizidi dozi inaweza kusimamisha moyo, kwa hiyo isiwekwe mahali mtoto anapofikia, na nyumba yenye mtu aliyekata tamaa ya kuishi isiwe na akiba yake kubwa. Ndugu mmoja ashike vidonge na kumpa vya siku chache. Ya pili humezwa asubuhi. Siku za mwanzo inaweza kuleta kichefuchefu na kukimbiza usingizi.

Lipo jambo jingine ambalo watu hawalisemi hata mbele ya daktari. Fluoksetini na ndugu zake hupunguza hamu ya tendo la ndoa, au humfanya mtu achelewe au ashindwe kufika mwisho. Mume anadhani ameisha. Mke anadhani mumewe ana mwingine. Dawa inaachwa kimya kimya, na kituoni mgonjwa anasema tu kwamba alisafiri. Yeyote anayeandika dawa hii angepaswa kulitaja jambo hili yeye mwenyewe siku ya kwanza, kwa sauti ya kawaida, ili mgonjwa asilazimike kulianzisha. Dozi inaweza kupunguzwa, dawa inaweza kubadilishwa. Ndoa nyingi zingepumua kwa maneno hayo machache.

Kitu kingine cha kumwambia mgonjwa mapema ni kwamba madhara hutangulia nafuu. Kinywa kinakauka wiki ya kwanza. Furaha inachelewa wiki 2 hadi 4, mara nyingine 6. Mwenye wasiwasi mkali anaweza hata kuhisi hofu imezidi siku za mwanzo, ndiyo maana huanzishwa na dozi ndogo. Vijana walio chini ya miaka 25 wafuatiliwe kwa karibu zaidi wakati huo, kwa sababu mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka kwa baadhi yao. Na anayeanza ghafla kukesha bila kuchoka, kuongea mfululizo na kugawa fedha ovyo, arudishwe kwa daktari upesi: huenda ugonjwa wake ni wa aina nyingine, na dawa hii peke yake haimfai.

Kwa nini wiki nyingi hivyo? Neva hutoa serotonini ili kupitisha ujumbe kwa neva ya jirani, kisha huivuta irudi ndani. Fluoksetini huzuia mvuto huo, na huanza kuuzuia ndani ya saa chache tu baada ya kumeza. Kama sonona ingekuwa upungufu wa serotonini basi mtu angepona jioni hiyohiyo. Mwaka 2022 watafiti waliopitia kwa upana tafiti zilizokuwapo hawakupata ushahidi thabiti kwamba sonona husababishwa na serotonini kuwa chini. Wanaochunguza ubongo wanaelekea kuamini kwamba serotonini iliyoongezeka ni mwanzo tu wa kazi ndefu, neva zinapobadilisha polepole jinsi zinavyoungana na kuitikia. Mgonjwa hana haja ya kuamini kwamba kichwa chake kilizaliwa na kasoro. Inatosha kujua kwamba dawa inawasaidia wengi, haiwasaidii wote, na inahitaji muda.

Na je, mwili utaizoea? Swali hili linaulizwa kila nyumba. Dawa za sonona hazileti kiu ya kuzitafuta, wala haziombi dozi ipande kila mwezi ili zifanye kazi ileile. Diazepamu, Valium ya famasi, ndiyo yenye tabia hiyo. Inatuliza usiku huohuo, na kwa sababu hiyo hupendwa na hutolewa ovyo kwa mtu aliyesema tu kwamba halali. Baada ya wiki chache za kila siku inakuwa vigumu kutoka. Watu wanachanganya hizi mbili, na wanaogopa ile isiyostahili kuogopwa hivyo.

Hata hivyo mwili huzoea kuwa na dawa ya sonona, na ukinyimwa ghafla unalalamika. Kizunguzungu, jasho, kichefuchefu, kichwa kuuma, mwili mzima kulegea, ndoto kali, na wengine husimulia kama umeme unapita kichwani wanapogeuza macho. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2024 ulikuta dalili za namna hiyo kwa karibu 31% ya walioacha dawa halisi, na kwa 17% ya walioacha vidonge vitupu ambavyo havina cha kuzoea. Ukitoa hofu na matarajio, dawa yenyewe huwasumbua kama mtu mmoja katika kila sita au saba. Usumbufu mkali humpata mmoja katika 35 hivi.

Sasa ziangalie tena dalili hizo kwa jicho la mtu wa mitaa yetu, Katuba au Ruashi. Jasho, kichwa, kichefuchefu, viungo kulegea: atasema malaria, na atanunua dawa ya malaria. Kipimo cha damu kwenye kidole kingemwambia ukweli kwa dakika 15 au 20. Kinyume chake pia kipo. Anayemeza amitriptilini akapata malaria ya kweli anapaswa kumwambia mhudumu, maana artemeta-lumefantrini huweza kuifanya amitriptilini ijikusanye mwilini, na zote mbili, kama kwinini, hugusa mapigo ya moyo. Yapo matibabu mengine ya malaria ya kuchagua. Tramadoli, ambayo wengi hujinunulia kwa maumivu ya mgongo, haifai pamoja na fluoksetini: inaweza kuleta kifafa, au kutetemeka, joto kali na kuchanganyikiwa. Lutuku, pombe kali ya kienyeji, juu ya amitriptilini humlaza mtu vibaya.

Kwenye famasi ndogo za mitaani plaketi hukatwa kwa mkasi ili mteja apate vidonge vya faranga alizonazo. Vidonge vinne, vitano. Kipande kinachobaki mkononi mara nyingi hakina tarehe ya kuisha wala namba ya toleo, wakati mwingine hata jina la dawa limekatika katikati. Anayenunua namna hiyo kila wiki hawezi kujua kama cha leo ni sawa na cha juzi. Kama fedha hazitoshi pakiti nzima, omba upande wa plaketi wenye tarehe, au mwombe muuzaji aandike jina, miligramu na tarehe kwenye karatasi. Kwa mtu ambaye dawa humkatikia mara kwa mara, fluoksetini ina sifa njema ambayo daktari anapaswa kuihesabu: hutoka mwilini polepole, kwa wiki kadhaa, hivyo siku mbili tatu za kukosa hazimwangushi kama zingefanya kwa dawa nyingine.

Zamani familia nyingi za mji huu hazikuwa na hesabu hizi. Mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya migodi, na watoto wake walitibiwa katika hospitali za kampuni. Mwaka 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 walitolewa katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, na pamoja na mshahara wakapoteza mlango wa daktari. Nataja hilo kwa sababu tunapowalaumu wagonjwa kwamba hawana subira na dawa, tunasahau kwamba subira hiyo hununuliwa kila mwezi.

Kwa matibabu ya akili Lubumbashi ina kituo cha Docteur Joseph Guislain, cha Mabruda wa Charité, shirika lililoanzishwa mjini Ghent, Ubelgiji, mwaka 1807. Guislain mwenyewe, aliyefariki 1860, alikuwa tabibu wa Ghent aliyepigania wagonjwa wa akili watendewe kama watu wanaoweza kupona. Wengi wanaogopa kuonekana kwenye lango la mahali kama hapo, wakidhani ni pa wenye wazimu peke yao. Mtu asiyelala, anayetetemeka kila akisikia simu, aliyepoteza hamu ya wanawe mwenyewe, hapo ni pake pia. Wanaompeleka kwanza kanisani kuombewa wasikatazwe. Kinachoumiza ni pale mchungaji anapodai dawa iachwe kama ushahidi wa imani.

Dawa pia isibebeshwe mzigo wote. Mashariki mwa Kongo, utafiti uliochapishwa 2013 ulifuatilia wanawake 405 wa vijijini walionusurika na ukatili wa kingono. Baadhi walikutana kwa vikundi na kufundishwa na wasaidizi wenyeji, wasio madaktari, namna ya kuyashika na kuyapima upya mawazo yanayowatesa. Wengine walipata msaada wa mtu mmoja mmoja. Miezi sita baada ya matibabu, waliokuwa bado na dalili za sonona au wasiwasi walikuwa 9% katika vikundi na 42% kwa wengine. Hapakuwa na vifaa vya ghali. Kazi kama hiyo ingewezekana Kampemba au Kamalondo, na mwenye kuipata huku akimeza dawa yake ana nafasi nzuri zaidi siku atakapotaka kuiacha.

Siku hiyo ikifika, ichaguliwe. Septemba haifai, mwezi wa minervali na daftari; wala katikati ya kilio, wala wiki ya kuhama nyumba. Dozi ipunguzwe kwa hatua, kwa wiki 4 au zaidi, na aliyetumia miaka mingi huhitaji miezi. Hatua za mwisho ziwe ndogo kuliko za mwanzo, kwa sababu hata dozi ndogo hushika sehemu kubwa ya mlango unaorudisha serotonini ndani ya neva: kutoka miligramu 20 za fluoksetini hadi 10 mwili huenda usitambue sana, kutoka 5 hadi sifuri ndiko kunakotikisa. Mtu mmoja nyumbani ajue tarehe ya kila hatua na aiandike. Usumbufu ukianza siku chache baada ya kupunguza, na ndani yake mna kizunguzungu au umeme wa kichwani, yaelekea ni mwili unazoea. Rudi kwenye dozi ya hatua iliyopita, tulia, kisha shuka polepole zaidi. Kwa fluoksetini siku hizo zinaweza kuwa wiki. Lakini kama mwezi wa pili au wa tatu umepita salama, halafu usingizi unaanza kukatika alfajiri, chakula kinakosa ladha na watu wanachosha, usisubiri pakiti ya kuazima kwa jirani: rudi kwa aliyekuandikia, na yule wa nyumbani aje na karatasi yake ya tarehe.