Fedha za barabara zizibe ufa kabla ya kujenga ukuta

Msimu wa mvua za masika uliopita, wanafunzi kumi na wawili wa Kidato cha Tatu waliingia darasani mwangu saa nne za asubuhi, viatu mikononi na sare zao zimetapakaa matope hadi magotini. Sikuwa na la kuwauliza, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimechelewa. Sehemu ya barabara yetu iliyo karibu na kijito ilikuwa imesombwa usiku, na matatu zote zilikuwa zikigeuzia ng'ambo ya pili.

Kilichoniuma si mvua. Mvua ni neema. Kilichoniuma ni kwamba kila mkazi aliliona balaa hilo likija. Miaka mitatu kabla ya hapo, bomba la saruji linalopitisha maji chini ya barabara lilikuwa limeziba kwa mchanga na takataka. Vibarua wanne wenye sepetu wangaliweza kulizibua kwa siku moja. Hakutumwa hata mmoja. Maji yakakosa njia, yakapanda juu, yakazila kingo, na leo panahitajika daraja jipya. Kazi ya siku moja imegeuka kandarasi ya mamilioni. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nimeanza na kijito chetu kwa kuwa ndicho kioo cha namna taifa hili linavyogharimia barabara na reli. Serikali zetu, moja baada ya nyingine, zimekuwa hodari wa kujenga na goigoi wa kutunza. Ujenzi huleta utepe wa kukatwa, ngoma na picha magazetini. Kuzibua mtaro hakumpatii mwanasiasa kura hata moja.

Si kwamba hatukuwahi kulifikiria jambo hili. Mnamo 1993 Bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha hazina ya udumishaji wa barabara, inayopata fedha kutokana na ada inayotozwa kila lita ya petroli na dizeli. Mwaka 1999 ikapitishwa sheria nyingine iliyounda Bodi ya Barabara (KRB) ili isimamie fedha hizo. Wazo lenyewe lilikuwa la busara: fedha za ukarabati zisigombaniwe kila mwaka na mahitaji mengine ya bajeti, na anayeitumia barabara zaidi achangie zaidi.

Ada hiyo ilipandishwa kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa lita mnamo Julai 2024. Hebu tufanye hesabu ambayo mtoto wa shule ya msingi anaiweza. Matatu inayotumia lita 40 kwa siku hulipa Sh1,000 kila siku kwa ajili ya barabara. Mwenye gari halipi kutoka mfukoni mwake. Fedha hizo zimo ndani ya nauli. Mwenye kinu cha kusaga mahindi kinachoendeshwa kwa dizeli hulipa, na mvuvi wa Ziwa Victoria anayetia petroli katika injini ya mashua hulipa pia, ingawa mashine zao hazikanyagi lami. Hata mama asiyemiliki baiskeli huilipa ada hiyo kila anaponunua unga uliosafirishwa kwa lori. Kwa hivyo, yeyote asituambie kuwa barabara ni zawadi ya serikali kwa wananchi. Tumekwisha kuzilipia.

Mwaka 2025 serikali iliziweka rehani Sh7 katika kila Sh25 hizo, ili ipate takriban Sh175 bilioni za kuwalipa wanakandarasi waliokuwa wakiidai. Sitaki kuonekana mkaidi. Deni ni deni, na mwanakandarasi aliyefanya kazi akakosa malipo hawezi naye kuwalipa vibarua wake. Lakini yafaa tujiulize deni hilo lilitoka wapi. Lilitokana na mazoea ya kutia saini kandarasi nyingi kuliko fedha zilizomo kwenye bajeti. Katika ile Sh1,000 ya matatu yetu, Sh280 sasa zina mwenyewe kabla hazijafika barabarani. Fedha zilizokusudiwa kuziba ufa wa kesho zinalipia ukuta wa jana.

Reli nayo ina kisa kinachofanana na hiki. Ile ya kwanza ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Iliigharimu Uingereza zaidi ya pauni milioni 5, na takriban vibarua 2,500 kutoka Bara Hindi walipoteza maisha yao. Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, Kenya iliunda shirika lake la reli mwaka uliofuata. Katika miongo iliyofuata injini zilizeeka na njia zikachakaa pasipo kutunzwa ipasavyo, na mizigo ikahamia kwenye malori.

Hapo ndipo uzembe wa reli ulipogeuka kuwa gharama ya barabara. Wahandisi wanatufundisha kuwa ekseli inayobeba uzito maradufu haiharibu barabara mara mbili tu, bali takriban mara 16. Lori lililojazwa kupita kiasi hupasua lami, maji huingia kwenye nyufa na kulainisha msingi, na baada ya misimu michache shimo hujitokeza. Vituo vya kupimia uzani, kama vile Mariakani na Gilgil, viliwekwa kwa sababu hiyo. Nchi inayoiacha reli yake ife hujikuta ikilipa mara mbili: hupoteza reli, kisha hukarabati barabara bila kikomo.

Tulipoamka, tulijenga reli mpya ya SGR kutoka Mombasa hadi Nairobi kwa mkopo mkubwa wa benki ya Exim ya Uchina. Ilizinduliwa Mei 31, 2017, nasi tulikuwa tumeanza tangu 2013 kutozwa ushuru wa ustawishaji wa reli kwa bidhaa zinazoingizwa nchini. Kipande cha kwenda Naivasha, kilichogharimu takriban Sh150 bilioni, kilifunguliwa mwaka 2019. Sisemi kuwa reli hiyo haina faida. Wengi wetu tumeipanda na kufika salama. Lakini mwaka 2020 njia ya zamani ya kwenda Nanyuki ilifufuliwa kwa takriban Sh1.8 bilioni, vijana wa NYS na wanajeshi wakishiriki katika kazi hiyo, na mwaka 2021 gari moshi la abiria likarejea Kisumu baada ya njia ya zamani kukarabatiwa. Reli hizi si za aina moja, na wala hazilingani kwa mwendo. Hata hivyo, tofauti ya gharama inatuonyesha ni mangapi yawezekanayo tukitunza tulicho nacho.

Kwa maoni yangu, mambo matatu yafanywe. Kwanza, pasitiwe saini kandarasi ya barabara mpya mpaka fedha zake zionekane kwenye bajeti. Pili, ada ya mafuta irudishiwe kazi yake ya kudumisha barabara, na rehani isiongezwe. Tatu, makasha na mizigo mizito ivutwe irejee kwenye reli kwa nauli nafuu, ili barabara zipumue.

Kuna sababu ninawaandikia walimu na wanafunzi. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 201, inaagiza kuwa mzigo na manufaa ya mikopo ya umma vigawanywe kwa haki baina ya kizazi cha sasa na vizazi vijavyo. Kizazi kijacho ndicho kile kilichoketi mbele yetu darasani. Kifungu hicho hicho kinataka uwazi na ushirikishaji wa umma katika masuala ya fedha, na hakuna umma ulio karibu nasi kuliko darasa.

Baada ya masika yale, niliwatuma wanafunzi wangu watembee kutoka shuleni hadi sokoni, mwendo wa kilomita mbili, wakihesabu mitaro iliyoziba. Walirudi na idadi ya saba. Tukaandika barua kwa wahusika, tukataja kila mahali na urefu wake kwa hatua. Jibu hatujalipata, lakini wanafunzi wamekwisha kujifunza kuuliza. Ninawasihi walimu wenzangu wafanye hivyo katika kila pembe ya nchi kabla ya mvua nyingine kunyesha. Mitaro saba inaweza kuzibuliwa kwa wiki moja. Madaraja saba yatawadai watoto hawa hadi uzeeni.