Je, Wajua? Jani la kung'aa humchosha kiwavi

Kabichi, chainizi na figiri ziuzwazo Kariakoo ni za ukoo mmoja, na zote zina ukali wa haradali unaofukuza wadudu wengi. Nondo mgongo wa almasi, yeye huufuata ukali huo ili atage mayai! Viwavi wake ni sugu: kisiwani Java, dawa ya wadudu ya DDT ilishindwa nao tangu miaka ya 1950, kwa hiyo kuongeza dawa shambani si jibu la kutegemea. Aina ya mbegu inayopandwa inaweza kusaidia zaidi. Kwenye kabichi zenye majani ya kung'aa, yenye nta kidogo, viwavi wachanga hutangatanga badala ya kutulia wale, na wengi hufa. Watafiti wa New York waliipata sifa hiyo kwenye koliflawa, wakaihamishia kwenye kabichi.