Malaika hana bei, ukiuziwa ujue umeingizwa mjini!

MPENZI msomaji, wiki hii tuweke kando mambo ya mapenzi na mitindo, tuongee habari za malaika. Usicheke! Sisemei ule wimbo ambao kila bendi imeupiga, wala kitoto kichanga ambacho kina mama hukiita malaika. Nasemea malaika wenyewe, watumishi wa Mungu. Maana huku Geita, bwana, nimekuta mtu anawauza!

Ilikuwa hivi. Mshikaji wangu mmoja, tuliyemaliza naye kidato cha nne pale Shinyanga, alitimkia Nyarugusu kusaka mshiko kwenye machimbo. Yeye na wenzake wakapata duara lao. Mwezi uliopita nikaenda kumsalimia, nikamkuta ana furaha ya ajabu. "Mwana, duara letu sasa lina malaika," akaniambia.

Kumbe kuna jamaa kaja na hema, spika na chupa za mafuta, anajiita mtumishi. Ukimpa chochote, anakuombea malaika akae ndani ya duara lako, alilinde na kukuonyesha mwamba wenye dhahabu. Na malaika huyo analipiwa kila wiki, utadhani kodi ya chumba! Kilichoniuma zaidi ni kwamba pesa waliyompa ilikuwa ya kununulia matimba, yale magogo yanayozuia kuta za duara zisiporomoke.

Siku ya tatu, jioni, mshikaji akawa anajiandaa kushuka zamu. Mzee mmoja anayefunga matimba kwenye duara la jirani akamshika mkono. "Mwanangu, usishuke. Matimba yenu yanalia." Jamaa akajibu, "Shikamoo mzee, lakini sisi tunalindwa." Mzee akaketi mdomoni mwa duara, akasema hapiti mtu. Wakazozana weee, mwisho vijana wakakata tamaa, wakaenda kula ugali kwa mama lishe.

Usiku huohuo ukuta mmoja ukashuka. Ndani hakukuwa na mtu.

Asubuhi unajua mshikaji alikwenda wapi? Hemani, kutoa shukrani! "Umeona? Malaika kafanya kazi." Nikabaki mdomo wazi.

Nikaona haya ni makubwa. Nilipofika Katoro nikamtafuta katekista mmoja, mzee wa makamo ya babu yangu. Nikampa shikamoo yake, nikamsimulia yote. Alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu," akaniuliza, "mlinzi wa geti akianza kumkodisha mfanyakazi wa tajiri bila tajiri kujua, utasemaje?" Nikamjibu huo ni wizi. "Haya, sasa tufungue Biblia."

Kwanza, jina lenyewe. Neno malaika sisi tumelipata kwa Waarabu. Kwa Kiebrania ni mal'akh, kwa Kigiriki angelos, na maana yake ni mjumbe. Mjumbe hajitumi, wala hatumwi na mwenye hema. Gabrieli alipomwendea Zakaria, na baadaye Maria kule Nazareti, alipeleka ujumbe wa aliyemtuma. Petro alipofungwa gerezani, malaika alimtoa mpaka barabarani, kisha akaondoka zake. Kazi imekwisha!

Pili, mjumbe haabudiwi. Katika kitabu cha Ufunuo, Yohana alianguka miguuni pa malaika amsujudie. Malaika akamkataza, kwa kuwa na yeye ni mtumishi kama Yohana, na anayestahili kuabudiwa ni Mungu peke yake. Paulo naye aliwaonya Wakolosai juu ya kuabudu malaika, na Wakorintho akawaambia kwamba hata Shetani anaweza kujifanya malaika wa nuru. Kwa hiyo kung'aa si kitambulisho.

Tatu, na hapa ndipo niliponyoosha masikio, kuna habari ya Rafaeli. Imo katika kitabu cha Tobiti, ambacho Wakatoliki wanacho katika Biblia yao na Waprotestanti wengi hawanacho. Kijana Tobia alitumwa na baba yake kufuata talanta 10 za fedha kule Umedi. Akatafuta mtu wa kumsindikiza, akampata mmoja kwa ujira wa drakma moja kwa siku. Kibarua kabisa! Hakujua kwamba huyo ni malaika. Waliporudi salama na fedha, wakataka kumpa nusu ya mali. Rafaeli akajitambulisha, akawaambia wamshukuru Mungu, akapaa. Nusu ile hakuichukua. Na fedha yenyewe ilikuwa halali, amana ya baba yake Tobia. Malaika hakumwibia mtu wala hakutaka kafara.

Mzee akaacha kucheka. "Ukishaamini kwamba kiumbe usichokiona kinaweza kununuliwa kikupe dhahabu, kesho utaambiwa bei imepanda." Nilielewa anakokwenda. Kanda yetu hii ndiyo iliyoua ndugu zetu albino kwa sababu ya imani za utajiri. Septemba 2009 Mahakama Kuu ikiwa Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mtoto albino wa miaka 14 huko Bukombe. Januari 2015 Serikali ikapiga marufuku wapiga ramli. Wateja wao walianza na pesa tu.

Nikamuuliza, je, malaika hawafiki machimboni? Nikamkumbusha Nyangarata, wilayani Kahama. Oktoba 2015 wachimbaji sita walifukiwa chini. Watano walitolewa hai baada ya siku 41, wakiwa wameishi kwa kula mende na vyura.

"Wanafika," akasema. "Lakini mikono iliyowatoa wale ilikuwa ya binadamu. Mungu akitaka kukutumia mjumbe, hashindwi kumpata."

"Na yule wa sita, aliyefia mle ndani, malaika wake alikuwa wapi?"

Mzee alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Sijui, mwanangu. Atakayekwambia anajua, halafu ana bei, huyo mkimbie."

Nimerudi Shinyanga na neno hilo. Mshikaji wangu nilimweleza yote. Matimba amenunua, ila hemani bado anapeleka hela. Eti ni bima! Yule mzee wa matimba, aliyewakalia mdomoni mwa duara, hakuomba hata soda, na mpaka naondoka hakuna aliyekuwa amemwambia asante. Sisemi mzee yule ni malaika. Nasema tu kwamba kati yake na mwenye hema, mimi najua ni nani aliyetumwa.

Haya, tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.