Tiketi ya maili na bure yake

Juzi hapa Tukuyu, katika mvua yetu isiyojua kwamba kiangazi kipo, mama mmoja jirani alipata habari njema kutoka Uingereza. Mwanawe ana maili, zile pointi ambazo mashirika ya ndege huwapa wateja wao, za kutosha kumkatia tiketi ya ndege aende akamwone mjukuu. Baada ya siku mbili kijana akapiga tena: anasubiri mshahara, kwa sababu "kodi" ya hiyo tiketi inakaribia pauni mia tatu. Mama akaja barazani na swali moja: bure gani hii ya kulipiwa? Majibu hayakukosekana, maana barazani hapakosi mjuzi. Nimeyakusanya niyapime.

"Ukilipa kwa maili, serikali haina chake." Si kweli. Shangazi akikupa mkungu wa ndizi pale Kiwira hachukui senti yako, lakini konda wa basi la Mbeya atautoza kama mzigo mwingine wowote. Maili hufuta nauli. Ada ya kiwanja humfuata abiria, si nauli, na anayeruka ni abiria hata kama kiti amepewa. Kwetu Tanzania ada ya huduma kwa abiria imekuwa dola 40 kwa safari ya nje na shilingi 10,000 kwa safari ya ndani. Uingereza ina ushuru wake wa abiria wa anga tangu 1994, na viwango vyake hupangwa kwa umbali kutoka London hadi mji mkuu wa nchi unakokwenda. Kwa hiyo anayeshukia Dar es Salaam hupimiwa hadi Dodoma! Kuanzia Aprili 2025 hadi Machi 2026 umbali huo ulitozwa pauni 90 kwa daraja la kawaida na pauni 216 kwa daraja la biashara, na kiwango cha kawaida kikapangiwa kupanda hadi pauni 102 kuanzia Aprili 2026. Ushuru huo hutozwa anayeondoka Uingereza tu. Mama yetu hatoutozwa akienda. Utamngoja wakati wa kurudi.

"Basi zote hizo ni kodi." Si kweli kabisa, na hapa ndipo pesa ilipojificha. Kwenye mchanganuo wa tiketi, kila tozo ina herufi zake mbili. GB ni ule ushuru wa serikali ya Uingereza, UB ni ada ya kiwanja cha huko. Ukikuta YQ au YR, simama hapo. Pesa hiyo haiendi kwa serikali yoyote wala kwa kiwanja chochote, inabaki kwa shirika la ndege lenyewe. Wengi waliizoea kwa jina la nyongeza ya mafuta, ingawa siku hizi mashirika hupenda kuiita tozo ya shirika, jina lisiloahidi chochote kuhusu mafuta.

Nyongeza hiyo ina historia ya kuchekesha na kuudhi kwa pamoja. Mwaka 2004 mafuta yalipopanda bei, British Airways na Virgin Atlantic walianza kunong'onezana juu ya kiasi cha kuwatoza abiria wa safari ndefu. Hadi 2006, nyongeza ya kwenda na kurudi ilikuwa imetoka pauni 5 hadi kama pauni 60. Virgin ndiyo iliyokwenda kutoboa siri, ikasamehewa. British Airways mwaka 2007 ikapigwa faini ya pauni milioni 121.5 Uingereza, iliyopunguzwa baadaye, na dola milioni 300 Marekani. Mwaka 2012 wanachama wa Marekani wa programu yake ya maili wakaishtaki mahakamani New York kwa sababu inayotuhusu hasa: walidai kwamba nyongeza waliyotozwa kwenye tiketi za maili haikufuata bei ya mafuta. Shauri hilo liliishia kwa suluhu ya kulipana. Kwa hiyo kijana wetu akisema "kodi", simlaumu. Skrini ndiyo iliyompa neno hilo, na skrini inajua inachofanya.

"Hakuna ujanja, kila programu inatoza hivyo hivyo." Si kweli. Kiti kimoja, ndege ileile ya Turkish Airlines kupitia Istanbul, kinaweza kukatwa kwa maili za Turkish au kwa maili za United ya Marekani, kwa kuwa mashirika hayo yako katika muungano mmoja wa Star Alliance. United haiongezi tozo ya shirika kwenye tiketi za maili, hata anayerusha akiwa mshirika wake. Unabaki na kodi na ada za kweli. Mwenye maili za programu nyingine hana budi kufungua ukurasa wa malipo na kusoma mchanganuo kabla ya kubonyeza.

Watoto je? Uingereza haiwatozi ushuru wa abiria walio chini ya miaka 16 katika daraja la kawaida tangu 2016. Familia ya wanne inayokuja Krismasi Tukuyu iangalie kama GB imewekwa kwa wote wanne.

"Ukighairi, kodi imeliwa." Kwa kawaida si kweli: kisichorushwa hakidaiwi ushuru, na mashirika mengi hurudisha kodi huku yakikata ada ya kughairi. Ila ghairi kabla ndege haijaondoka.

Na kijana mwingine aliyeninong'oneza kwamba amepigiwa simu, ameshinda tiketi, atume tu "kodi" kwa namba ya simu? Kata simu, mwanangu.

La mwisho ndilo gumu: "Hata ikitozwa, maili ni afadhali kuliko fedha." Mara kweli, mara si kweli. Chukua mfano. Tiketi ya fedha ni dola 800. Programu moja inataka maili 60,000 na dola 400, kwa hiyo kila maili 1,000 zimekuokolea chini kidogo ya dola 7. Nyingine inataka maili zilezile na dola 200. Hapo kila elfu ni dola 10. Ongeza kwamba tiketi ya fedha mara nyingi huzaa maili mpya, ya maili haizai. Tena safari ya ndege kutoka kiwanja cha Songwe hadi Dar, ikikatwa kwa tiketi yake, ni gharama nyingine pembeni, pamoja na basi la kushuka kutoka kwetu.

Mwana wa mama yetu alikaa na kalamu usiku mmoja. Akanunua kwa fedha, msimu wa bei nafuu, maili akazihifadhi. Mama sasa anauliza kama majani ya chai ya Katumba yanaruhusiwa kwenye begi la mkononi.