Mfereji Uzibwe Kabla ya Mche Kupandwa

Kinamasi kilichoharibiwa kati ya Kitale na Bungoma mara nyingi hujulikana kwa mfereji wake: mtaro wa kina cha goti, uliochimbwa kwa jembe kutoka katikati ya mafunjo hadi mtoni, ili bonde likauke na sukuma wiki ipandwe. Hapo ndipo ukarabati unapaswa kuanzia, lakini sisi tunaanzia kwenye kitalu cha miche. Miti inapandwa, hotuba zinatolewa, na mfereji unaendelea kumwaga maji usiku na mchana.

Udongo mweusi wa bondeni ni mabaki ya mafunjo na nyasi ambayo hayakuoza yakaisha, kwa sababu maji yalizuia hewa kuyafikia. Ukiyaondoa maji, hewa inaingia, uozaji unashika kasi, kaboni inatoka kama gesi na ardhi yenyewe inadidimia. Mkulima hupata mavuno mazuri misimu ya mwanzo. Kisha shamba linashuka, maji yanarudi, naye anauchimba mfereji zaidi. Si kila bonde la huku lina mboji nene kama ile ya Bonde la Kongo, ambako wanasayansi walikadiria mwaka 2017 kuwa kuna tani bilioni 30 za kaboni. Hata hivyo, mboji kidogo nayo huoza ikikaushwa. Ndiyo maana kupanda mikaratusi bondeni ni kosa juu ya kosa: mti huo hunywa maji yale yale tunayotaka yabaki. Mwaka 2009 John Michuki, akiwa waziri wa mazingira, aliagiza ing'olewe kwenye vyanzo vya maji, na hoja yake bado ina uzito.

Wapo watakaosema kwamba Saiwa, karibu na Kitale, ilishalindwa tangu 1974 ilipotangazwa hifadhi ya taifa kwa ajili ya nzohe, swala wa majini. Ni kweli, na uamuzi ule ulikuwa wa busara. Lakini hifadhi hiyo ina takribani kilomita tatu za mraba tu, na imezungukwa na mashamba. Tope na mbolea kutoka mashamba ya mahindi huteremka na mvua, na ua haulizuii tope. Nzohe, mwenye kwato ndefu za kutembelea juu ya matope laini, hana pa kukimbilia kinamasi kikigeuka malisho.

Pingamizi zito zaidi ni la mkulima mwenyewe: bonde ndilo linalomlisha kiangazi, na mlimani hana ekari nyingine. Sheria ya mazingira ya 1999 inakataza kukausha ardhi oevu bila kibali, lakini sheria haijazi sufuria. Kuziba mfereji si lazima kumfukuze. Magunia ya udongo na vigingi vya mianzi, vikiwekwa hatua kwa hatua mtaroni, hupandisha maji taratibu. Nduma hustawi humo miguu ikiwa majini, na mafunjo huchipua yenyewe pale mizizi ilipobaki. Mavuno ya sukuma wiki yatapungua, hilo lisifichwe. Lakini maji mengi ya mabonde haya huingia Mto Nzoia, ule unaopita Webuye na kufurika Budalangi. Anayeyashikilia huku juu anamwokoa jirani asiyemjua, na kaunti zinazonufaika zina wajibu wa kumlipa kwa kila msimu anaouacha mfereji umezibwa.